Masikio ya Dokta Livingstone

Bonde la Kilombero ni nchi yenye maji mengi. Masika yakifika, mto hufurika ukaifunika mbuga, na watu wa Ifakara na wa vijiji vilivyo kando ya mto husafiri kwa mitumbwi. Wenye mashamba ya mpunga hukaa katika madungu yao hata maji yapungue. Maji hayo huleta samaki na mavuno, lakini huleta na mbu, na mbu huleta homa ya malaria. Kwa hiyo wazee wengi wa nchi hiyo waijua sana kwinini, dawa iliyo chungu kama shubiri. Wajua pia ya kuwa mtu aliyekunywa kwinini nyingi masikio yake huvuma kama mzinga wa nyuki, sauti za watu humjia kana kwamba zatoka mbali, na akiinuka kitandani nyumba nzima humzunguka.

Mvumo, uziwi na kizunguzungu huonekana kuwa mambo matatu yaliyo mbalimbali. Lakini mara nyingi hutoka katika nyumba moja, nayo ni sikio la ndani. Habari za maisha ya Dokta David Livingstone zalionyesha jambo hilo waziwazi. Maana kazi yake ya kupima nchi ilitaka mambo mawili: kichwa kilichotulia na masikio yenye kusikia vema. Naye katika safari zake alipungukiwa na yote mawili.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji wa Blantyre, nchi ya Uskoti. Wazazi wake walikuwa maskini, na alipopata umri wa miaka 10 alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha nyuzi za pamba. Alianza kazi saa kumi na mbili asubuhi akamaliza saa mbili usiku. Hata hivyo hakuacha kusoma. Kwa mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha lugha ya Kilatini, akakiweka juu ya mtambo, akawa akisoma sentensi moja moja huku akitembea katika kazi yake. Kelele za mitambo zilikuwa kubwa, naye akajizoeza kusoma katikati yake. Baadaye akajifunza uganga mjini Glasgow, na mwaka 1840 akapata cheti cha udaktari. Mwaka 1841 akafika Afrika ya Kusini kufanya kazi ya misheni. Huko, mwaka 1844, simba alimrukia akamvunja mfupa wa mkono wa kushoto, na mkono ule haukupata kupona sawasawa maisha yake yote.

Mwaka 1852 Livingstone alikuwa Cape Town. Hapo Thomas Maclear, aliyekuwa mkubwa wa nyumba ya kuchungulia nyota, alimfundisha kupima mahali kwa nyota. Kazi hiyo ina vyombo viwili vikubwa. Cha kwanza ni sekstanti, chombo cha kupimia nyota iko juu kiasi gani. Cha pili ni kronomita, yaani saa ya safari iliyotengenezwa kwa ustadi mwingi isipoteze wakati. Mpimaji huielekeza sekstanti kwenye nyota kwa jicho, na huku huyahesabu mapigo ya saa kwa sikio. Tena yampasa kuwa mwangalifu sana, kwa sababu dunia huzunguka upesi: katika nchi zilizo karibu na ikweta, saa ikikosea dakika moja tu, mahali hukosewa kwa kilometa 28 hivi. Mto uliowekwa vibaya katika ramani huweza kumpoteza msafiri ajaye nyuma.

Mwezi wa Novemba 1853 Livingstone aliondoka Linyanti, katikati ya Afrika ya Kusini, pamoja na watu 27 wa nchi ya Wakololo, akaenda magharibi kutafuta njia ya kufika pwani. Walipita katika mvua na mabwawa, na homa ikamshika mara nyingi. Siku moja ng'ombe aliyempanda, jina lake Sinbad, alikimbia. Hatamu zikakatika, naye akaanguka chali, utosi ukapiga chini. Hata hivyo aliendelea na safari, na tarehe 31 Mei 1854 wakafika Luanda, pwani ya bahari ya Atlantiki, naye amekonda amebaki mifupa. Alipopata nafuu hakupanda merikebu kwenda kwao, bali aliwarudisha watu wale makwao kama alivyoahidi. Kisha akaenda mashariki kwa kuufuata mto Zambezi, na mwezi wa Mei 1856 akafika Quelimane, pwani ya bahari ya Hindi.

Katika safari hiyo ndefu alipatwa na kizunguzungu cha ajabu, akakiandika katika kitabu chake. Alipoinua uso upesi kuitazama nyota, vitu vyote vilionekana vinakimbilia upande wa kushoto, na asiposhika kitu alianguka chini kwa kishindo. Usiku pia, akigeuka ghafula kitandani, hali ile ile ilimrudia. Basi mtu yule ambaye kazi yake ilikuwa kutazama nyota hakuweza kuzitazama bila hatari ya kuanguka. Naye, kwa kuwa ni mganga, alitafuta sababu. Akadhani labda ni nyongo itokayo katika ini. Waganga wa siku zile wengi walidhani hivyo, au walisema ni damu iliyojaa katika ubongo. Hawakulifikiri sikio.

Mtu wa kwanza kuwaonyesha waganga njia iliyo sawa alikuwa Prosper Ménière, daktari wa shule ya viziwi mjini Paris, nchi ya Ufaransa. Mwaka 1861 alisimama mbele ya mkutano wa waganga akaeleza habari za wagonjwa waliopatwa na kizunguzungu kikali, na kutapika, na mvumo wa masikio, na uziwi, yote kwa pamoja. Alisema ubongo wao ni mzima; ugonjwa uko katika sikio la ndani. Wengi hawakumsadiki, naye akafa mwaka uliofuata. Baadaye ikajulikana kwamba alisema kweli, na ugonjwa ule waitwa kwa jina lake hata leo.

Ni vema kufahamu jinsi sikio lilivyo. Sikio la nje hukusanya sauti. Sikio la kati lina ngozi nyembamba kama kiwambo cha ngoma, pamoja na vifupa vitatu vidogo vinavyoipeleka sauti ndani. Sikio la ndani limechimbwa katika mfupa mgumu wa kichwa, nalo lina vyumba viwili vilivyoungana. Chumba cha kwanza kimezungushwa kama nyumba ya konokono, nacho ni cha kusikia. Chumba cha pili kina mifereji mitatu iliyopinda, kila mmoja umeelekea upande wake, nacho humpa mtu habari za mwendo wa kichwa chake, kimeinuka, kimeinama au kimegeuka. Vyumba vyote viwili vimejaa maji, na ndani ya maji hayo mna vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Sauti huyatikisa maji ya chumba cha kwanza. Kichwa kikigeuka, maji ya chumba cha pili husogea. Vinyweleo vikiguswa, habari hupelekwa kwenye ubongo kwa mshipa wa fahamu, nao mshipa wa kusikia na mshipa wa mwendo huenda pamoja kama nyuzi mbili katika kamba moja.

Mfano wake ni maji yaliyoingia katika mtumbwi. Mtumbwi ukiwa unakwenda kasi, kisha ukagonga ukingo na kusimama, maji yaliyomo ndani hayasimami mara moja, bali huendelea kwenda mbele. Ndivyo ilivyo kwa mtoto achezaye kwa kuzunguka-zunguka. Akisimama, mwili wake umetulia, lakini maji ya masikio yake bado yanakwenda. Ubongo hupata habari kwamba kichwa bado kinazunguka, na macho, yafuatayo habari hizo, hukimbia upande mmoja. Kwa hiyo mtoto huona nchi yote inazunguka, akaanguka. Maji yakitulia, kizunguzungu huisha.

Tena karibu na mifereji ile mna vijiwe vidogo kama unga wa chokaa, vimsaidiavyo mtu kujua upande wa chini. Kichwa kikipigwa kwa nguvu, vijiwe hivyo huweza kung'oka vikaingia katika mfereji. Mtu wa namna hiyo akitulia huwa hana neno, bali akiinua uso kutazama juu, au akigeuka kitandani, vijiwe huteremka, na kizunguzungu humshika kwa muda mfupi. Dalili hizo zafanana sana na zile alizoziandika Livingstone.

Sasa turejee kwenye dawa. Kwinini hutoka katika gome la mti wa sinkona, uotao katika milima ya Amerika ya Kusini, na mwaka 1820 wataalamu wawili wa Paris, Pelletier na Caventou, waliitoa katika gome ikiwa safi. Wakati wa Livingstone hakuna aliyejua kwamba homa huletwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa na Ronald Ross mwaka 1897. Lakini kwinini yenyewe ilikwisha julikana, ila waganga wengi waliitoa kidogo mno na kwa kuchelewa. Mwaka 1841 Waingereza walipeleka merikebu katika mto Niger, na Wazungu zaidi ya 40 wakafa. Livingstone alijifunza kwa hasara ya wengine. Alitengeneza vidonge vya kwinini vilivyochanganywa na dawa za kuharisha, akawapa wagonjwa wake mara homa ilipoanza. Kisha aliendelea kuwapa kwinini mpaka masikio yakaanza kuvuma. Mvumo ule ulikuwa kipimo chake: aliposikia kwamba masikio yanavuma, alijua kwamba dawa imetosha mwilini.

Alipima vizuri kwa kadiri ya maarifa ya siku zile, na katika safari ya Zambezi, kati ya mwaka 1858 na 1864, vidonge vyake viliwaokoa watu wengi. Lakini si wote. Mke wake, Mary, alikufa kwa homa huko Shupanga tarehe 27 Aprili 1862. Tena kipimo kile kilikuwa na gharama yake. Kwinini ikizidi katika damu huvidhuru vinyweleo vya sikio la ndani. Kwanza huja mvumo. Kisha sauti nyembamba hupotea. Kisha, chumba cha pili kikiguswa, huja kizunguzungu na kichefuchefu. Mara nyingi mambo hayo huisha dawa ikiachwa, lakini wako waliobaki viziwi. Dawa iliyomwokoa mtu na kifo iliweza kumnyang'anya masikio yake.

Mwezi wa Januari 1866 Livingstone alifika Unguja, na mwezi wa Machi akashuka Mikindani. Akaufuata mto Ruvuma kwenda bara, kutafuta chimbuko la mto Nile na kuchungua habari za biashara ya watumwa. Pamoja naye walikuwako Chuma, Myao aliyeokolewa katika mikono ya wafanya biashara ya watumwa mwaka 1861, na Susi, mtu wa Shupanga. Safari ilikuwa ngumu tangu mwanzo. Wapagazi wengi walimwacha. Mwezi wa Januari 1867, njia ikiwa na utelezi wa mvua, mtu aliyechukua zile kronomita alianguka, na mwendo wa saa ukaharibika. Tarehe 20 ya mwezi ule ule wenzake wawili wa safari walitoroka msituni, na katika mizigo waliyokwenda nayo lilikuwamo sanduku la dawa. Kwinini yote ikapotea. Livingstone alijua maana ya hasara ile kuliko mtu mwingine yeyote; ilikuwa kama kuhukumiwa kufa.

Hazikupita wiki nyingi homa ikamshika, wala hakuwa na kitu cha kuizuia. Kila hatua aliyokwenda ilimwumiza kifuani. Masikio yake yakavuma mchana na usiku, na ule mlio wa kronomita, ambao siku zote ulisikika kwa nguvu, ukawa hausikiki ila kwa shida. Hapo yafaa kuangalia jambo moja. Zamani mvumo uliletwa na dawa. Safari hii ulikuja pasipo dawa, pamoja na homa yenyewe. Kwa hiyo mvumo peke yake hautoshi kuonyesha sababu. Sikio hupiga kelele ile ile liumizwapo na dawa, na liumizwapo na ugonjwa.

Mwezi wa Aprili 1867 akafika kwenye ncha ya kusini ya ziwa Tanganyika, ambako watu waliliita Liemba. Hapo hali yake ikawa mbaya zaidi. Alijikuta nje ya kibanda chake, hawezi kuingia. Akaishika miti miwili ya mlangoni, akajivuta hata akakaribia kusimama, kisha akaiachilia, akaanguka kinyume, kichwa chake kikapiga sanduku. Safari hii homa kali ilikuwa imezifunika fahamu zake. Na kuzimia kwa namna hiyo si sawasawa na kizunguzungu cha sikio, ambacho mtu hukiona akiwa macho. Vijana wake walipomwona, wakatundika blanketi mlangoni ili wageni wasimwone bwana wao katika unyonge wake. Saa nyingi zikapita kabla hajatambua mahali alipo. Alipopata nafuu akaendelea na kazi yake ya kuandika na kupima, kwa saa iliyoharibika na mwili uliochoka.

Alifika Ujiji mwezi wa Machi 1869. Mwishoni mwa mwaka 1871 Henry Stanley alimkuta huko, akampa dawa na chakula. Lakini Livingstone hakukubali kurudi kwao. Mwezi wa Agosti 1872 aliondoka Unyanyembe, karibu na Tabora, akaenda tena kusini, katika mabwawa ya ziwa Bangweulu. Huko vipimo vyake vya zamani, vilivyopimwa kwa saa zile zilizoanguka, vilimdanganya. Akahangaika katika maji na mvua, akitafuta njia. Mwanzoni mwa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, wenzake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa.

Chuma na Susi na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua mabegani mpaka Bagamoyo. Walifika mwezi wa Februari 1874. Walipita katika nchi zenye njaa na vita, na wengine wao walikufa njiani. Huko Uingereza maiti ilitambulikana kwa ule mfupa wa mkono uliovunjwa na simba, ikazikwa London tarehe 18 Aprili 1874. Pamoja na maiti, watu wale walivileta vitabu vyake vyote alivyoandika kwa mkono. Kama wangaliviacha, habari za masikio yaliyovuma na saa isiyosikika zingalipotea msituni.

Livingstone mwenyewe hakulifikia bonde la Kilombero. Chuma alilifikia. Mwaka 1879 Keith Johnston na Joseph Thomson walitumwa na chama cha jiografia cha London, nao wakamchagua Chuma awe mkuu wa msafara. Waliondoka Dar es Salaam mwezi wa Mei. Tarehe 28 Juni Johnston alikufa kwa ugonjwa huko Behobeho. Thomson alikuwa kijana wa miaka 21 tu, lakini kwa msaada wa Chuma alisonga mbele, wakaipita nchi ya Mahenge na mto Ulanga, ambao ndio Kilombero, wakapanda Uhehe mpaka ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika, wakarudi salama pwani. Chuma akafa Unguja mwaka 1882.

Tangu siku zile maarifa yameongezeka sana. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Uswisi walifungua nyumba ya utafiti mjini Ifakara, na kazi hiyo imekua ikawa taasisi ijulikanayo mahali pengi duniani kwa kuchungua mbu na malaria. Chandarua chenye dawa huzuia mbu, damu hupimwa kabla ya mtu kupewa dawa, na dawa ya mseto imechukua mahali pa kwinini kwa wagonjwa walio wengi. Hakuna mganga sasa anayengoja masikio ya mgonjwa yavume ili ajue kwamba dawa imetosha.

Lakini sikio la ndani ni lile lile. Mtoto aliyepewa dawa yoyote, akisikia masikio yanavuma, au watu wanasema naye lakini sauti zao ni hafifu, au nyumba inamzunguka, asinyamaze kwa haya au kwa kuogopa kuitwa mvivu. Amwambie mzazi wake, au mwalimu, au mganga wa hospitali, mapema. Wala mtu asijiongezee dawa kwa kudhani kwamba nyingi hufaa kuliko kidogo. Livingstone aliziandika dalili zake siku kwa siku, hata alipokuwa hawezi kusimama wala kuisikia saa yake. Na kwa sababu aliandika, wengine waliokuja baada yake walijifunza.